Kozi ya Python isianze kwa kumrudisha mwanafunzi nyumbani

Kila likizo kubwa inapokaribia, matangazo ya mafunzo ya kompyuta huongezeka katika mji wa Lubumbashi. Yanabandikwa kwenye nguzo na kwenye kuta, yanazunguka katika makundi ya WhatsApp: jifunze Python kwa wiki chache, upate cheti. Wazazi wa Katuba, Kamalondo, Kampemba na Ruashi wanatafuta pesa, mtoto anaandikishwa. Halafu somo la kwanza linaisha kwa maneno haya: mwende nyumbani, kila mtu ainstale Python na programu ya kuandikia kodi, tuonane wiki ijayo.

Maneno hayo yanaonekana madogo. Lakini ndiyo yanayowatoa wengi darasani kabla hawajaandika hata mstari mmoja. Mwanafunzi anarudi wiki ya pili na kompyuta iliyokataa, au anarudi mikono mitupu, au harudi kabisa. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia shida iko wapi, anajipa jibu mwenyewe: informatiki si ya watu kama mimi. Hilo ni jibu la uongo, na kituo kilichochukua pesa yake ndicho kilichomfundisha.

Kuweka vyombo vya kazi ni sehemu ya mafunzo. Ni wajibu wa anayefundisha, si mzigo wa kutupia familia. Fundi seremala hamwambii mwanafunzi wake aende kwanza kufua msumeno.

Ili jambo lieleweke, ni vizuri kutenganisha vitu vitatu ambavyo wanafunzi wengi huvichanganya. Cha kwanza ni Python yenyewe. Hii ni kama mkalimani kanisani: mhubiri anasema Kifaransa, mkalimani anasimama kando yake na kugeuza kila neno ili waamini waelewe. Mwanafunzi anaandika, Python inageuza, kompyuta inatenda. Cha pili ni programu ya kuandikia, ambayo ni daftari tu, hata kama ni daftari lenye rangi na msaada mwingi. Cha tatu ni vifurushi vya nyongeza, kama pandas ya kushughulikia majedwali, ambavyo vinaletwa baadaye kazi inapovihitaji. Anayeweka daftari bila mkalimani ataandika siku nzima na hakuna kitakachotokea. Wengi hukwama hapo tu.

Sasa tazama uzito. Python ya Windows, ikichukuliwa kwenye tovuti yake python.org, ina kama mega 25 hadi 30. Ndani yake tayari kuna daftari dogo linaloitwa IDLE. Visual Studio Code ya Microsoft ina zaidi ya mara tatu ya hapo, na bado itadai nyongeza zake za Python. PyCharm inafika mamia ya mega, na wenyewe wanaoitengeneza wanazungumzia kompyuta yenye kumbukumbu ya giga 8. Anaconda, ambayo walimu wengine huitaja kwa sababu ndiyo waliyoikuta chuoni, inakaribia giga nzima. Mwanafunzi anayenunua mega kwenye simu kisha kuzigawia kompyuta hana nafasi ya kujaribu na kukosea. Na mara nyingi, kompyuta ikionja intaneti tu, Windows inaanza kujisasisha kimyakimya. Mega zinaisha kabla Python haijashuka nusu. Umeme nao ukikatika katikati, na mashine ni ya mezani isiyo na betri, kazi inaanza upya.

Kuna pia umri wa mashine. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini zimeshatumika mahali pengine, na zipo ambazo bado zina Windows 7. Toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8. Matoleo yaliyofuata yanakataa. Mwanafunzi anayebonyeza kitufe kikubwa cha njano kwenye tovuti anapewa toleo jipya kabisa, na mashine yake inamjibu kwa Kiingereza kwamba haiwezekani. Hajui kwamba kuna toleo linalomfaa, ukurasa mmoja tu mbali na pale alipo. Anaamini mashine imekufa, au yeye ndiye hajui.

Aliye na Windows 10 naye ana mtego wake. Wakati wa kuweka Python, chini ya dirisha la kwanza kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa "Add python.exe to PATH". Usipokitia alama, programu itawekwa vizuri, lakini ukiandika neno python kwenye dirisha jeusi la amri, Windows haitajua iende kuitafuta wapi. Badala yake inaweza kukufungulia duka la Microsoft, ikitaka upakue tena kitu ambacho tayari unacho. Mega nyingine zinapotea. Dawa ni rahisi: rudia kuweka na utie alama, au andika py badala ya python. Mwalimu anayejua anamaliza jambo hilo kwa dakika moja. Mwanafunzi aliye peke yake nyumbani anaweza kupoteza siku tatu.

Mtego mwingine ni kibao cha herufi, na huo vitabu vya Wamarekani haviwezi kuutaja. Kompyuta zetu nyingi zina kibao cha AZERTY, cha Kifaransa au cha Kibelgiji. Alama ambazo Python inazihitaji kila mara, yaani mabano ya mraba, mabano ya mawimbi na alama ya reli, zote zinapatikana kwa kushika AltGr kwanza. Kama Windows imepangwa kwa QWERTY na kibao ni AZERTY, mwanafunzi anabonyeza hiki na kinatoka kile. Anayefundisha akichukua dakika kumi kuonyesha alama hizo ubaoni, anaokoa saa nyingi.

Na kuna lugha. Mwalimu anaeleza kwa Kifaransa, mwanafunzi anafikiri kwa Kiswahili, na Python inalalamika kwa Kiingereza. SyntaxError inamtisha mtu kama karatasi ya mahakama, wakati inasema tu kwamba sentensi haikuandikwa sawasawa na kwamba kosa liko karibu na mstari fulani. Mwalimu mwenye huruma anaanza na makosa: anaondoa kifunga mabano makusudi mbele ya darasa, wote wanaona mashine inavyolalamika, wote wanajifunza kusoma malalamiko yake.

Basi nini kifanyike? Kituo kikae na flashi moja iliyoandaliwa vizuri kabla ya siku ya kwanza. Mwalimu mmoja, mahali penye intaneti ya kuaminika, apakue mara moja tu. Ndani ya flashi hiyo kuwe na Python 3.8 kwa ajili ya mashine za zamani na toleo jipya kwa ajili ya mashine za sasa, za biti 32 na za biti 64. Kuwe na Thonny, daftari lililotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza. Thonny inakuja na Python ndani yake, haina uzito, inaweza kuwekwa kwa Kifaransa, na ina toleo linalokubali hata Windows 7. Kisanduku cha PATH hakimhusu kabisa anayeitumia. Kuwe pia na maelezo rasmi ya Python, ambayo yanapakuliwa na kusomwa bila intaneti, na yapo kwa Kifaransa.

Hata vifurushi vya nyongeza vinaweza kubebwa hivyo. Amri pip download inavileta vyote kwenye folda moja bila kuviweka. Halafu kwenye mashine isiyo na intaneti, pip install yenye maneno --no-index na --find-links inavichukua kutoka kwenye folda hiyo. Sharti ni moja: mashine iliyopakua na mashine itakayopokea ziwe na Windows ya aina moja na toleo moja la Python. Ndiyo sababu darasa zima linapaswa kutumia toleo moja kadiri mashine zinavyoruhusu, badala ya kila mtu kuja na lake.

Hakuna wizi katika kugawa vitu hivyo. Leseni ya Python inaruhusu kunakili na kugawa, na ya Thonny vilevile. Kwa Visual Studio Code, kodi yake ni ya wazi, lakini kifurushi kinachotolewa na Microsoft kina leseni yake yenyewe. Anayetaka kugawa daftari la namna hiyo kwa uhuru anaweza kutumia VSCodium, iliyojengwa kutoka kodi ileile. Hatari ya kweli ni virusi. Flashi inayozunguka mashine ishirini inaweza kubeba maradhi ya zote. Kwa hiyo ile ya asili ibaki kabatini, zitolewe nakala, na kila nakala ipimwe kabla na baada.

Wapo watakaopinga. Wanasema: anayetaka kuwa mtaalamu ajifunze kuhangaika, sisi pia tulihangaika. Kuna ukweli kidogo hapo. Mtaalamu lazima ajue kuweka vyombo vyake, ajue PATH ni nini, ajue kutenga mazingira ya kila kazi kwa venv ili vifurushi vya kazi moja visiharibu vya nyingine. Lakini somo hilo lina wiki yake, na si ya kwanza. Mtu hafundishwi kutengeneza injini kabla hajaona gari likitembea. Mwanafunzi akishaona mistari yake ikifanya kazi, atapata nguvu ya kupigana na kisanduku cha PATH. Asiyeona chochote anapigania nini?

Wengine wanasema soko la kazi linataka Visual Studio Code au PyCharm, Thonny ni ya watoto. Lakini faili ya Python ni maandishi tu. Kazi iliyoandikwa ndani ya Thonny inafunguka ndani ya PyCharm bila kubadilisha herufi moja. Daftari linabadilishwa siku moja. Kufikiri kwa mpangilio kunachukua miezi. Wengine tena wanashauri kutumia tovuti za kuandikia kodi moja kwa moja mtandaoni. Ni msaada kwa aliye na intaneti ya kudumu, na hapa kwetu hao ni wachache. Simu nayo, kwa programu kama Pydroid 3, inaweza kumtoa gizani asiye na kompyuta, na isidharauliwe. Ila kuandika kazi ndefu kwa vidole gumba ni adhabu.

Jambo hili si mchezo wa vijana wa kompyuta peke yao. Katanga inaishi kwa shaba na kobalti, na kazi za migodi zimejaa majedwali ya sampuli, ramani, mizigo na mishahara. Pandas inasoma majedwali hayo. QGIS, programu huru ya ramani, inapokea amri za Python. Vituo vya afya na mashirika ya misaada yana takwimu zinazongoja mtu wa kuzipanga. Tangu Machi 2023 nchi ina sheria yake ya mambo ya dijitali, na hotuba kuhusu vijana na teknolojia hazikosekani. Lakini sheria haiandiki kodi. Kama mtoto wa Ruashi anaondolewa na kisanduku kimoja ambacho hakuna aliyemwonyesha, kazi hizo zitaendelea kufanywa na waliosomea mbali.

Wazazi wana nguvu hapa, hata wasiojua kuwasha kompyuta. Kabla ya kulipa, waulize maswali matatu. Je, mtoto wangu ataondoka siku ya kwanza na programu inayofanya kazi kwenye mashine yake? Je, kama hana intaneti nyumbani, ataendelea kufanya mazoezi? Je, mashine ikikataa, nani ataitazama, na itagharimu kiasi gani? Kituo kinachojibu vizuri kinastahili pesa. Kinachosema "atajitegemea" kinauza cheti tu.

Nao wakuu wa shule za sekondari zenye vyumba vya kompyuta wanaweza kuanza bila kungoja mradi wala mfadhili. Inatosha flashi moja, Jumamosi moja, na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu anayejua kazi. Mashine kumi zikiandaliwa siku hiyo, Jumatatu watoto wataandika print("Jambo"), watabonyeza kitufe, na neno litatokea kwenye kioo. Baada ya hapo ndipo mwalimu awaulize nani anataka kuendelea, na majibu yao yatakuwa ya kweli.