Msimbo wa Ugonjwa Si Kazi ya Karani Peke Yake

Hivi karibuni mhasibu wa hospitali moja ya wilaya alinionyesha bunda la hati za madai zilizorudishwa na bima bila ya kulipwa. Katika hati moja, majina yakiwa yamefunikwa, mgonjwa alipewa dawa ya malaria, lakini ugonjwa ulioandikwa ni R50.9, yaani homa isiyojulikana asili yake. Mganga alikuwa ameandika "homa" kabla ya majibu ya maabara kufika. Yalipofika na kuonyesha vijidudu vya malaria, hakuna aliyerudi kusahihisha. Mkaguzi wa bima hamwoni mgonjwa, huona herufi na tarakimu tu. Hati nyingine ilihusu shinikizo la damu, ambalo msimbo wake ni I10. Karani alipiga 110, na kwa mashine hayo si makosa madogo: ugonjwa wa namna hiyo haupo.

Yafaa tukumbuke kuwa orodha hii haikubuniwa kwa ajili ya malipo. Mwaka 1893, huko Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu orodha ya sababu za vifo, ili mataifa yaweze kulinganisha hesabu zao. Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo mwaka 1948, na ndipo magonjwa yasiyoua yalipoingizwa kikamilifu. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990. La kumi na moja lilianza kutumika rasmi mwaka 2022. Chombo cha mwanatakwimu kimekuwa pia chombo cha mhasibu, na hapo ndipo penye hatari ninayoiogopa kuliko hasara ya fedha.

Maana hospitali iliyochoka kurudishiwa hati hujifunza upesi ni msimbo upi unaolipwa. Ikiwa homa hairudishi gharama ya dawa na malaria hurudisha, malaria itaongezeka katika karatasi hata mahali ambapo mbu wamepungua. Kisha sisi watafiti tutazichukua takwimu hizo, tuzichoree michoro, na kuishauri Serikali ipeleke vyandarua pasipohitajika. (Nakiri kuwa mimi mwenyewe nimewahi kutumia takwimu za hospitali bila ya kuuliza ni nani aliyeziandika.)

Wapo wanaosema karani aadhibiwe. Siafikiani nao, kwani karani hawezi kuandika asichoambiwa. Utambuzi wa mwisho ni wajibu wa mganga, nao uandikwe baada ya vipimo, kabla faili haijatoka mikononi mwake. Uainishaji wa magonjwa ufundishwe katika vyuo vya uganga kwa mazoezi ya hati halisi. Bima nayo, inaporudisha dai, itaje kosa lenyewe waziwazi. Neno "limekataliwa" halimfundishi mtu kitu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kadiri wanachama watakavyoongezeka ndivyo mabunda haya yatakavyonenepa, huku rafu za dawa zikikonda.

Nilimwuliza mhasibu ni hati ngapi katika bunda lile zilirudishwa kwa sababu majibu ya maabara hayakuandikwa. Akajibu kuwa hakuna aliyewahi kuzihesabu. Tulivuta viti, tukaanza kuzitenga mezani, sababu kwa sababu.