Ndege ya Kinshasa inafika saa ngapi?

Vakansi kubwa inakaribia, na jamaa nyingi za hapa Lubumbashi zinatuma watoto kwa wajomba na mashangazi wa Kinshasa. Juma hili tuongee juu ya kusoma masaa ya tiketi, jambo dogo linaloliza watu bure.

Toka hapa mpaka Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 1,570. Watoto wanaweza kupima wenyewe na rula: kwenye ramani ambayo sentimeta moja ni kilometa 100, wataona karibu sentimeta 16. Ndege ya jeti ikiwa juu inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa. Ukigawanya unapata masaa mawili hivi. Lakini ndege haianzi na mwendo ule, na kabla ya kutua inaupunguza. Tuhesabu basi masaa mawili na robo, au mawili na nusu.

Sasa tiketi yenyewe. Tuseme imeandikwa: kutoka Luano 14:00, kufika N'djili 15:20. Mama mmoja wa chama chetu alisoma hivyo, akahesabu saa moja na dakika 20. Ilipofika 15:20 akapigia binti yake telefone. Imezimwa. 15:45, bado imezimwa. Kufika 16:00 lupango yake ilikuwa imejaa majirani, na mmoja alishaanza wimbo wa kilio (huyo tungemrudisha kwake). Kumbe mtoto alikuwa angali angani, salama kabisa.

Kila mji unaandikwa kwa saa yake, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. 15:20 ya kule ni 16:20 ya hapa. Wakati wa kurudi ni kinyume: ukitoka Kinshasa 10:00, tiketi itasema unafika 13:20, lakini safari ni ileile ya masaa mawili na dakika 20.

Tofauti hii inatoka kwa jua. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa. Kinshasa iko karibu digrii 15 mashariki, sisi karibu 27 na nusu. Jua linatufikia karibu dakika 50 mbele yao.

Kwa mzee anayetumia dawa kwa saa maalumu, insulini zaidi ya zote, muulizeni muganga kabla ya safari: kule afuate saa ya wapi? Na kwa mtoto, andikeni masaa yote mawili kwenye karatasi, nakala moja ibaki nyumbani. Mkumbuke pia kwamba N'djili iko mbali na katikati ya mji, na magari ya Kinshasa yanasongamana. Shangazi anaweza kukawia kumfikisha nyumbani.

Wenye watoto Bruxelles nao wameuliza. Wakati wa baridi, saa yao ni ya Kinshasa. Wakati wa joto, ni yetu.