Kabla hujamnunulia mzee santuri mtandaoni

Mzee akikaribia kutimiza miaka sabini, watoto hukaa kikao cha zawadi. Mashati ya vitenge anayo, saa anayo, simu anayo. Ndipo mmoja husema: tumtafutie ile santuri ya Mbaraka Mwinshehe aliyokuwa akiipiga Jumapili.

Wazo ni zuri. Ila santuri nyingi za bendi zetu za miaka ya 1970 zilitengenezwa Nairobi, na leo baadhi ya zilizobaki ziko kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, wanaoziuza kwenye mitandao kama Discogs na eBay. Muuzaji humwoni, santuri huishiki. Hapo ndipo mchango wa familia unaweza kupotea.

Kwanza, soma daraja la ubora kama unavyosoma lebo ya dawa. NM ni karibu na mpya. VG+ imetumika lakini bado inasikika vizuri. VG ina mikwaruzo utakayoisikia. Inayoponza wengi ni G: kwenye kamusi ni "nzuri", kwa wauza santuri ni chakavu, yenye kelele mwanzo hadi mwisho. Jalada nalo lina daraja lake, kwa hiyo picha ya jalada safi isikudanganye.

Pili, omba picha za pande zote mbili chini ya mwanga, pamoja na namba zilizochongwa karibu na lebo ya katikati. Hizo husaidia kutofautisha toleo la kwanza na lililorudiwa. Kama mzee anataka kusikiliza tu, toleo lililorudiwa linatosha, na mara nyingi ni nafuu.

Tatu, uliza gharama ya posta na ushuru kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji aitoe santuri ndani ya jalada na kuibana kwa maboksi magumu, isije ikachana jalada njiani. Akikwambia umtumie fedha pembeni, nje ya mtandao husika, achana naye.

Nne, hakikisheni mashine ipo na inafaa. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, kama alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zina sindano yake.

Lakini kabla ya yote, tafuteni nyumbani. Fungueni kabati la shangazi na sanduku la bibi. Mwenye pumu asikae karibu, kwa kuwa vumbi na ukungu humwamsha ugonjwa. Mkizikuta, zisimamisheni wima, mbali na jua, maana joto huzipinda.

Na muulizeni mzee mapema jina la wimbo na la bendi. Santuri inaweza kusubiri kwa muuzaji miaka kumi. Kumbukumbu ya mzee haina ahadi hiyo.