Mkulima wa Siku Moja Apewe Mahali katika Masoko ya Mwanza



Masoko ya mitaa ya Mwanza, yaani yale ya Buhongwa, Igoma, Nyegezi, Kiloleli na mengine ya aina hiyo ambako familia hununua chakula cha siku, yamezoeleka kujadiliwa kama suala la wafanyabiashara na mapato ya halmashauri, na katika mjadala huo mtu anayeyalisha masoko hayo husahauliwa. Mtu huyo ni mkulima mdogo wa Misungwi, Magu, Kwimba au Sengerema, ambaye hufika alfajiri na tenga la nyanya au viroba viwili vya viazi vitamu, akauza mpaka mzigo uishe, kisha akarudi kijijini jioni ileile. Mkulima huyo hana kizimba, ambacho ni sehemu ya kudumu ndani ya soko anayopangishwa mfanyabiashara, wala kizimba hakimfai, kwa kuwa mazao yake huiva kwa msimu na hayamleti mjini kila siku. Malalamiko yanayoletwa hapa ni kwamba masoko hujengwa, hugawiwa na hutozwa ushuru kana kwamba mkulima huyo hayupo.

Umbo la mji lenyewe huzidisha tatizo. Mwanza imejengwa juu ya vilima vya mawe, na ardhi tambarare ni chache na ya gharama kubwa, hivyo mwenye mzigo wa siku moja asiyepata nafasi ndani ya soko huishia kupanga bidhaa zake chini, pembezoni mwa barabara kuu ya kwenda Shinyanga au ile ya kwenda Musoma. Mahali hapo ni hifadhi ya barabara, yaani eneo ambalo sheria ya mwaka 2007 imelitenga kwa ajili ya barabara na matumizi yake, kwa upana wa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Anayeuza hapo huuza akiwa mkosaji mbele ya sheria, jua la saa sita likichoma mchicha wake na malori yakipita hatua chache kutoka kwa watoto aliofuatana nao, na anaweza kuondolewa wakati wowote bila kuwa na hoja ya kujitetea. Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa katika maeneo yasiyo rasmi ya miji nchini na kuelekezwa katika maeneo mapya, jitihada hizo zilimlenga zaidi machinga, yaani mchuuzi wa mjini mwenye biashara ya kila siku. Mkulima anayekuja mara moja kwa wiki hakuwa na jina katika mpangilio wa namna hiyo.

Asiye na mahali pa kukaa hulazimika kuuza haraka, na anayeuza haraka huuza kwa dalali, ambaye ni mtu wa kati anayekutanisha mwenye mzigo na mnunuzi na mara nyingi ndiye anayetamka bei. Si kila dalali ni mnyonyaji, kwani wapo wanaolipa kwa wakati na kumtafutia mkulima mnunuzi ambaye asingempata mwenyewe, lakini mkulima ambaye hana kivuli, mizani wala pa kulaza mzigo hawezi kukataa bei aliyopewa. Hapo ndipo lumbesa inapostawi. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba cha juu na kushonwa kwa kamba, ili mkulima alipwe bei ya gunia moja kwa mzigo unaolizidi gunia. Sheria ya Vipimo inakataza jambo hilo na kuweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, ila katazo hilo haliwezi kumlinda mtu anayeuzia mahali pasipo na mizani.

Upande wa mnunuzi nao una hasara yake. Katika soko la mtaa chakula huuzwa kwa fungu, yaani kiasi kidogo kilichopangwa juu ya meza au turubai kwa bei moja, na utaratibu huo ndio unaomwezesha mtu anayelipwa kwa siku kupeleka mboga nyumbani kwa fedha aliyoipata mchana huo. Mama ntilie anayefahamika huchukua mchele au dagaa kwa mali kauli, yaani kwa kuaminiwa kwamba atalipa baada ya kuuza, na hakuna benki yoyote itakayompa mkopo wa saa nane bila dhamana. Soko hilohilo ndilo linaloleta mjini michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya Wasukuma vilivyokatwa na kukaushwa juani, vya kwanza vikiwa vibichi na vya pili vikiwa vimechemshwa, ambavyo ni akiba ya kaya wakati wa ukame na si rahisi kuvikuta katika maduka makubwa ya katikati ya jiji. Kila mkono unaoongezeka kati ya shamba na sufuria huongeza bei ya fungu au hupunguza ukubwa wake, na maskini wa Mabatini na Igogo hulihisi punguzo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Uzito wa soko katika maisha ya watu wa ziwani hauhitaji takwimu. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikiwa kimetoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Siku hiyo ilikuwa ya gulio huko Bugolora, na gulio ni soko la wazi linalokutana kwa siku maalumu ya wiki, ambapo watu wa vijiji vingi huuza mazao na kununua mahitaji ya siku zinazofuata. Abiria wengi walikuwa wakirudi kutoka huko na mizigo yao. Watu wanaopanda chombo kilichojaa kupita kiasi ili wasilikose soko wanapaswa kuhesabiwa katika kila mpango wa usafiri na wa masoko wa kanda hii.

Haja ya kuchukua hatua sasa inatokana pia na daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025. Mzigo wa Sengerema uliokuwa ukisubiri kivuko, pengine kwa saa kadhaa huku ndizi na mananasi yakiendelea kuiva, sasa unavuka kwa dakika chache, unapita Usagara na kufika Buhongwa mapema. Fedha nyingi za umma zimetumika kumfikisha mkulima mjini, lakini akifika hakuna aliyemwandalia pa kushusha tenga.

Mwalo wa Kirumba unaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na kupakua, na kwa kuwa mzigo hushushwa na kuuzwa papo hapo, soko lake la dagaa limewavuta wanunuzi mpaka kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Mkulima wa nchi kavu naye anastahili mwalo wake.

Kinachoombwa kwa halmashauri zote mbili, ya Jiji la Mwanza na ya Manispaa ya Ilemela, ni kwamba kila soko la kata litengewe uwanja wa wakulima usiopangishwa kwa mtu yeyote, wenye paa, maji, choo na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, utakaotumiwa na wazalishaji wenyewe kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi kwa ushuru wa siku unaoandikiwa stakabadhi. Kazi hiyo ianzie Buhongwa na Igoma, penye malango mawili ya mji, na kiasi cha fedha kilichotengwa kwa ajili yake kibandikwe katika mbao za matangazo za kata kabla bajeti ijayo haijapitishwa.

Mkazi wa Buhongwa,
Mwanza