Nyumba ya Udongo na Neno "Muda"

Wako watu, tena waliosoma, wasemao kwamba nyumba ya miti na udongo si nyumba. Lugha ya ofisi zetu huiita "ya muda", na ile ya matofali ya saruji huiita "ya kudumu". Maneno haya yamerudiwa mno hata hakuna ayaulizaye.

Basi natoa shahidi wa mbali. Katika kijiji cha Alfriston, East Sussex, kusini mwa Uingereza, imesimama karibu na kanisa nyumba iliyojengwa karne ya 14. Kiunzi chake ni mbao za mwaloni. Baina ya nguzo na nguzo, kama ilivyokuwa desturi ya wajenzi wa huko, hufumwa fito, hukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha hupakwa chokaa. Paa ni la nyasi. Sakafu ya ukumbi ni chaki iliyopondwa na kushindiliwa, ikamiminiwa maziwa yaliyochacha ili ishikamane. Ukumbi wenyewe hauna dari: zamani moto uliwashwa katikati ya sakafu, moshi ukajipenyezea juu. Mkandikaji yeyote wa Tanga akiingia humo hana cha kushangaa, labda baridi.

Mwishoni mwa karne ya 19 nyumba hii ilikuwa gofu, ikikabiliwa na kubomolewa. Padri wa kijiji akaitetea, na mwaka 1896 shirika la National Trust, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, likainunua kwa pauni 10. Ndilo jengo lao la kwanza.

Nitaambiwa: Waingereza wana fedha. Ni kweli kwamba ukarabati ulizidi sana bei hiyo. Lakini fedha nyingi zimeziua nyumba kama hii. Katika karne ya 20 wenye mali wengi huko walizipiga lipu ya saruji wakidhani wanazitia nguvu. Udongo na chokaa hupitisha unyevu, ukaingia na kutoka. Saruji huufungia ndani, na mwaloni uliostahimili miaka 500 ukaoza kimyakimya nyuma ya ukuta unaong'aa. (Hata rangi nyeusi ya mbao inayosifiwa kwenye kadi za posta, mara nyingi ni mtindo wa karne ya 19 tu.)

Tangu sheria ya mwaka 1947 majengo ya namna hii huandikwa katika orodha ya taifa, na kuyabadili tabia yake bila kibali ni kosa la jinai. Wenye nyumba hulalamika kwamba wamefungwa mikono. Na walalamike.

Nitaambiwa tena: nyasi hubadilishwa, udongo hukandikwa upya. Naam, na bati hushika kutu likabadilishwa, wala hakuna aiitaye nyumba ya bati "ya muda". Anayesema udongo haudumu, na anionyeshe nyumba ya saruji yenye miaka 600.