Kuwatengenezea Wageni Njia

Wengi wenu mmepita Kolo, katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha. Ni wachache walioshuka garini wakapanda mlimani kutazama picha zilizochorwa majabalini. Lakini watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuziona! Bibi Mary Leakey alizinakili kwa mkono mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mapango yenye picha yakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450.

Sasa vijana wa vijiji vingi vya huku kwetu waulizana: je, nasi hatuwezi kufyeka njia milimani, tuwatembeze wageni kwa miguu, tupate chochote? Swali ni zuri. Twaweza, lakini tusianze na jembe kabla ya kufikiri.

Wazee wa Kondoa hawajasahau mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika sehemu zilizomomonyoka, maana makorongo yalikuwa yakila mashamba. Kazi ya HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ilikuwa imeanza mwaka 1973. Basi, kijia cha ng'ombe kiteremkacho moja kwa moja hadi kisimani huweza kugeuka korongo, na miguu ya wageni haina tofauti na kwato. Kwa hiyo njia sharti ikate mlima kwa ubavu, ipande polepole kwa kuzunguka, hata ikiwa ndefu zaidi. Kila baada ya hatua kadhaa pangeni mawe kwa mshazari, ili maji ya mvua yatoke pembeni yasifuate njia. Wenye haraka watapenda kukata kona. Hapo wekeni miiba. Tena kila mwaka kabla ya mvua njia yataka kutengenezwa upya. Kijiji kisichoweza kutoa siku mbili za kazi hiyo, afadhali kisianze.

Kuna na habari ya heshima. Mahali paitwapo Mungomi wa Kolo, wenyeji hupatumia kwa matambiko ya mvua na uganga. Wakristo wengine huuliza kama ni dhambi kumwongoza mgeni hapo. Mimi ni karani tu, si padre. Mwulizeni paroko wenu. Lakini naona kuonyesha picha si kuabudu, na kuwacheka wazee mbele ya mgeni si Ukristo. Wakisema leo msipande, msipande.

Wala kijana asitunge hadithi ili apewe bakshishi. Akiulizwa maana ya picha asiyoijua, aseme hajui. Ayaseme anayoyajua: mti huu ni dawa ya nini, nyuki hukaa wapi, mwaka wa njaa watu walichimba mizizi gani. Picha zisiguswe, wala zisimwagiwe maji ili rangi ing'ae, maana maji huziharibu. Na aandikaye jina lake jabalini aaibishwe, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti.

Fedha ziandikwe kitabuni, na hesabu isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Akina mama wapikao ugali wa uwele na mlenda walipwe siku ile ile.

Msikope fedha kwa ajili ya kazi hii. Wageni wengi hukimbilia Serengeti na Ngorongoro, na huenda mwaka wa kwanza mkapata watano tu. Lakini njia nzuri itapitwa pia na watoto wa shule pamoja na mwalimu wao, na Jumapili alasiri baba atapanda na jamaa yake, badala ya kukaa kilabuni.

Walio karibu na picha za Kondoa wasifyeke kitu kabla ya kupata ruhusa katika ofisi iliyoko Kolo. Wengine waanze kwa halmashauri ya kijiji, kisha wamwendee kila mwenye shamba ambalo njia italipita, mmoja mmoja, nyumbani kwake.