Klachi Inayokwaruza
Gari letu lilipoanza ukaidi, gia ya nyuma ikalia kama mawe ya kusagia, fundi alitaka kushusha giaboksi siku ile ile. Tukamsihi angoje. Tulikanyaga pedali ya klachi mara tano upesi upesi. Gia ikaingia kimya. Ndipo tulipotambua kwamba yaelekea sahani za klachi hazina kosa, ila hewa imeingia katika mafuta yake. Hewa hubonyea, mafuta hayabonyei. Basi nguvu za mguu hazifiki zote, wala klachi haiachii sawasawa. Kuchungulia chini, mpira wa silinda ndogo ulivuja. Tukaubadili, tukatia mafuta mapya ya breki kama kitabu cha gari kiagizavyo, tukatoa hewa. (Mafuta ya injini msitie humo kamwe; huharibu mipira.) Fundi alinuna kidogo, lakini karo ya watoto ingali sandukuni.